Daktari akikuagiza utembee, akuambie pia kuhusu mapaja

Simama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela alfajiri, kabla malori hayajaanza kutifua vumbi, nawe utawaona. Kina mama wawili wawili waliojifunga leso viunoni, wazee wenye kofia za sufu, vijana waliovaa raba za mitumba, wote wakitembea kwa haraka au kukimbia polepole. Baadhi yao wanafanya hivyo kwa kupenda. Wengi, hata hivyo, wameagizwa. Walikwenda hospitalini wakapimwa, wakaambiwa presha iko juu au sukari imepanda, na pamoja na vidonge wakapewa amri fupi: fanya mazoezi.

Wiki ya kwanza huwa ya bidii. Wiki ya pili idadi hupungua. Ukimwuliza mmojawapo wa walioacha atakutajia baridi, kazi nyingi, mbwa wa mtaani au mvua iliyogeuza njia kuwa tope jeusi. Sababu nyingine hutajwa kwa sauti ya chini, tena kwa rafiki wa karibu tu. Mapaja yamechubuka. Anatembea kwa kutanua miguu, maji ya kuoga yanamwasha kama pilipili, na hawezi kumwonyesha mtu mahali penyewe.

Msomaji, maoni yangu ni kwamba jeraha hili dogo linavunja agizo kubwa la kitabibu, na si haki kumlaumu mgonjwa kwa uvivu. Anayeagiza dawa humweleza mgonjwa aimeze kabla ya chakula au baada yake, na akimwonya kuwa itamletea kichefuchefu amefanya kazi yake vizuri. Mbona anayeagiza matembezi haonyi lolote?

Jambo lenyewe si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2014 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi kiasi, na wa mijini walikuwa wengi zaidi ya wa vijijini. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki au zaidi. Sasa piga hesabu. Anayetembea kwa mwendo wa wastani hupiga hatua 100 hivi kwa dakika. Kwa nusu saa hizo ni hatua 3,000. Kwa mtu ambaye mapaja yake yanagusana, ina maana kuwa ngozi imesugua ngozi mara 3,000 kabla ya chai ya asubuhi, na wiki nzima ni mara 15,000. Hata kitambaa cha kiti cha matatu hakistahimili msuguano huo bila kuchakaa.

Ngozi iliyo kavu kabisa huteleza juu ya ngozi nyingine kwa urahisi kiasi. Ikiloa jasho kidogo hulainika, hunata na msuguano huongezeka. Tabaka la juu, ambalo ni seli zilizokufa zilizopangana kama vigae vya paa, huanza kubanduka. Kisha jasho hukauka na kuacha chumvi. Hapa Kajiado hewa ni kavu na jua la saa nne halina utani, kwa hiyo jasho hukauka upesi. Itazame fulana nyeusi ya mtu aliyetoka mbio na utaona michirizi myeupe mgongoni kama ukingo wa ziwa Magadi. Chumvi hiyo hiyo imo katikati ya mapaja, chini ya matiti, makwapani na kwenye mshipi wa chupi, na kila hatua inayofuata ni kama kusuguliwa kwa msasa.

Wako wanaodhani kuwa haya ni matatizo ya wanene. Sivyo. Mwembamba anayekimbia mbali huchubuka kinena kwa sababu ya mshono wa kaptura, makwapa kwa sababu ya fulana isiyo na mikono, na wanaume wengi huchubuka chuchu za matiti hata damu ikachora mistari miwili kifuani. Huko Ngong, kwenye milima ambako Paul Tergat alikuwa akijinoa kabla ya kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2003, kila mkimbiaji mzoefu anajua kuwa chuchu hufunikwa kwa plasta kabla ya mbio ndefu. Na katika jiji hilo hilo la Berlin mwaka 2015, soli za ndani za viatu vya Eliud Kipchoge zilichomoka zikawa zinapepea kando ya vifundo vyake vya miguu. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili, lakini mguu wake ulikuwa na malengelenge na damu. Ikiwa msuguano ulimfikia yeye, mama wa Kitengela aliyeanza kutembea Jumatatu iliyopita ana ajabu gani?

Sasa tuingie katika kinga, ambayo ni rahisi kuliko tiba.

La kwanza ni mafuta ya mgando. Pakaa kabla ya kutoka, katikati ya mapaja, makwapani na popote nguo inapobana, kwa tabaka linaloonekana na kuteleza chini ya kidole. Usipake kidogo kama anayepaka midomo. Wafugaji wa kaunti hii hawahitaji kufundishwa kanuni hii. Mafuta ya kukamulia, kama Arimis, yalitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, kwa kuwa mkono wa mkamuaji husugua chuchu asubuhi na jioni, na bila mafuta chuchu hupasuka. Siku hizi mafuta hayo yamo katika nyumba nyingi zisizo na hata mbuzi, na watu huyapaka usoni. Yapeleke na chini. Wamaasai nao tangu kale wamekuwa wakijipaka mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu, na ingawa sababu yao kubwa ni urembo na mila, ngozi iliyopakwa mafuta huteleza. Mwenye ngozi inayochokozeka kwa urahisi na atafute mafuta yasiyo na manukato.

Poda siishabikii. Hufyonza unyevu kwa dakika chache za mwanzo, lakini jasho likizidi hugeuka madonge madogo yanayokwaruza. Kwa mtu anayekaa ofisini huenda ikafaa. Kwa anayepanda mlima kutoka mjini Ngong haifai.

La pili ni nguo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa pamba ni bora kwa kila jambo. Kwa kulala, sawa. Kwa mazoezi, pamba hunywa jasho, hulishikilia na kuwa nzito, na kitambaa kilicholowa husugua kuliko kikavu. Kitambaa chepesi cha kunyumbuka, kile cha jezi za michezo, hulipitisha jasho likakauka nje. Kwa mapaja, dawa hasa ni kaptura ya kubana inayofika karibu na goti, ile ambayo wauza mitumba huiita baika. Ipo tele sokoni. Igeuze ndani nje kabla ya kulipa na upitishe kidole kwenye mishono: mshono mnene ukiwa katikati ya mapaja, irudishe. Mama ambaye imani au heshima ya nyumbani haimruhusu kutoka na suruali avae kaptura hiyo ndani ya sketi au dera. Hakuna atakayeijua ila yeye, na ngozi haitagusa ngozi tena.

Wamaasai sita kutoka Tanzania walikimbia marathoni ya London mwaka 2008 wakiwa na shuka zao na ndara za matairi ili kuchangisha fedha za maji kwa kijiji chao. Wazungu walishangaa. Mimi naona kuna funzo katika shuka: haina mshono wa kinena wala mpira wa kiunoni, na hewa huingia. Nguo ya mazoezi ama ibane kabisa isisogee, ama ilegee kabisa isiguse. Iliyo katikati, inayosogea huku ikigusa, ndiyo inayochubua.

Na usivae nguo mpya siku ya safari ndefu. Ifue kwanza, itembelee mara mbili tatu, ndipo uiamini.

Hapa kuna jambo la Kitengela ambalo waandishi wa vitabu vya afya hawalijui. Maji ya visima vyetu vingi ni magumu na yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, na nguo ikifuliwa hubaki na mabaki yanayoikakamaza kama turubai. Nguo hiyo ikilowa jasho hukwaruza. Ikiwa umekinga maji ya mvua au umenunua maji laini ya boza, yatumie kusuuza nguo za mazoezi mara ya mwisho, hata kama zilizobaki zitasuuzwa kwa maji ya kisima. Na kwa vile si kila nyumba ina maji ya kuoga mara mbili kwa siku, fahamu kuwa nusu lita ya maji safi na kitambaa vinatosha kuondoa chumvi kwenye mikunjo ya mwili mara urudipo. Jipanguse, jikaushe, badili nguo. Kosa ambalo hufanywa na wengi ni kurudi, kuketi na kaptura iliyolowa, kunywa chai, kupiga gumzo, kisha kupanda matatu kwenda Nairobi nayo ikiwa imekaukia mwilini.

Tuseme umekwisha kuchubuka. Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kusugua kwa dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, usifute. Kisha paka mafuta ya mgando, au krimu yenye zinki kama ile wanayopakwa watoto wachanga wakichubuliwa na nepi, na uvae nguo pana. Usiku lala bila kitu kinachobana. Michubuko ya kawaida hufunga kwa siku chache. Katika siku hizo usijilazimishe kutembea ili kuonyesha ushujaa, lakini pia usilale kitandani: fanya mazoezi ya mikono ukiwa umeketi, inuka na keti kwenye kiti mara kadhaa, ili mwili usisahau.

Mambo ya kuepuka yanajulikana na bado watu huyafanya. Spiriti huunguza seli mpya zinazojaribu kuziba jeraha. Maji ya chumvi hurudisha kile kile kilichokuumiza. Dawa ya meno si dawa ya ngozi. Dawa kali za kuulia viini zinazomiminwa bila kuchanganywa na maji zimewaunguza watu wengi ambao walikuwa na mchubuko tu.

Kuna jambo ambalo ningependa ulisome polepole, kwa maana hapa ndipo michubuko inapoacha kuwa suala la mazoezi. Si kila kinachowasha kinenani ni mchubuko. Mchubuko huja mara tu baada ya kutembea, huuma kama moto na hupungua ukipumzika. Ukiona duara lenye ukingo ulioinuka, linalowasha zaidi ya kuuma, linalokuamsha usiku na kupanuka wiki hadi wiki, hiyo ni fangasi. Ukiona chini ya matiti au kwenye mikunjo ya tumbo ngozi imelowa, ina utando mweupe na vipele vidogo pembeni, hiyo pia ni fangasi, ya aina nyingine. Vitabu vingi husema ngozi itakuwa nyekundu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu utaona weusi uliozidi, rangi ya zambarau au ya kijivu, na usipojua hilo utangojea wekundu usiokuja.

Fangasi hutibiwa kwa krimu ya fangasi, kwa mfano klotrimazoli, na huendelea kupakwa kwa wiki moja au mbili hata baada ya ngozi kuonekana nzima. Hatari ni krimu za mchanganyiko ambazo ndani yake mna steroidi. Mtu huingia duka la dawa, anaona haya kueleza, anasema tu "nawashwa", anapewa bomba dogo. Siku tatu zinapita, mwasho umekwisha, anamsifu muuzaji. Kumbe steroidi imeinyamazisha ngozi tu huku fangasi ikiendelea kuenea chini kwa chini, bila lile duara lake la kuitambulisha. Baada ya miezi ngozi ya kinena huwa nyembamba na kuchanika michirizi isiyoondoka. Soma maandishi ya pakiti. Ukiona jina linaloishia kwa "-sone", kama betamethasone, muulize mwuzaji kwa nini anakupa.

Na fangasi ya mikunjo inayorudi kila mara, hata ukiitibu vyema, ni sababu ya kwenda kupima sukari. Sukari ikizidi mwilini fangasi hustawi. Kuna watu ambao ugonjwa wao wa kisukari uligunduliwa kwa njia hiyo. Vivyo hivyo, ngozi iliyokuwa nyeusi na nene kama mahameli shingoni na makwapani si uchafu, wala haitoki kwa kusuguliwa kwa jiwe. Mara nyingi ni dalili kuwa mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini ipasavyo. Mwenye dalili hiyo anahitaji kipimo cha damu.

Weusi unaobaki baada ya mchubuko kupona ni jambo tofauti. Huo ni kovu la rangi tu, nao hufifia polepole kwa miezi. Tafadhali usiufuate kwa krimu za kung'arisha. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998, na hadi leo vingine huuzwa kwa mlango wa nyuma. Kinena ni mahali pabaya pa kuvijaribia, kwa kuwa ngozi ya huko ni nyembamba na hufyonza kila kitu.

Nenda hospitalini ukiona usaha, harufu, uvimbe unaopanuka, tezi za kinena zilizovimba au homa. Mwenye kisukari asingoje hata dalili hizo zitimie: mchubuko uliopita siku mbili tatu bila kufunga, hasa wa mguuni, uonyeshwe kwa daktari. Vidonda vyake hupona polepole, na huenda asihisi maumivu kama wengine kwa sababu neva za miguu zimeguswa. Kwa hiyo kila arudipo kutoka matembezini avue soksi aitazame miguu, na kama macho hayaoni vizuri mjukuu amtazamie.

Narudi kwa madaktari na wauguzi wetu, kwa sababu najua jibu watakalotoa. Foleni ni ndefu, chumba ni kimoja, na mgonjwa mwingine anagonga mlango. Hilo ni kweli na mtu yeyote aliyewahi kungoja kwenye benchi la hospitali ya umma hawezi kulikana. Lakini daktari huyo huyo hupata muda wa kumwambia mgonjwa apunguze chumvi na sukari. Kisha kuna wahudumu wa afya ya jamii, wapatao 100,000 kote nchini, ambao mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari ili wapite nyumba kwa nyumba. Wao huketi sebuleni, huitwa shangazi na mjomba, na aghalabu wanamjua mwenye nyumba kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mhudumu wa kike anaweza kumwuliza Mama Fulani kuhusu mapaja bila mtu kutahayari, na mhudumu wa kiume akamwuliza baba kuhusu kinena. Wanaowafunza wahudumu hao wakiongeza swali hilo katika mafunzo yao hawatahitaji mashine mpya.

Na kwa daktari mwenye foleni, sentensi yenyewe haizidi pumzi moja: "Mama, kabla ya kutoka paka mafuta ya mgando katikati ya mapaja na uvae kaptura ya kubana ndani ya sketi, na ukichubuka usiache kutembea kimyakimya, rudi uniambie."